Amani ya Mwanamke Njiani

Ewe msomaji mtukufu, ukitaka kujua kama nchi ina amani au haina, utatazama kitu gani? Mmoja atakwambia tazama jeshi lake na bunduki zake. Wa pili atakwambia tazama masoko yake na majumba ya wakubwa wake. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alitoa kipimo kilicho mbali na vyote viwili. Alimtaja mwanamke aliye safarini.

Khabari hii imo katika Sahihi ya Imam Bukhari, naye aliyeisimulia ni Adi bin Hatim (r.a.), mtoto wa yule Hatim Twai ambaye ukarimu wake ungali mfano kwa watu mpaka leo. Adi alikuwa mkubwa wa kabila la Tayy, watu wa milima ya Aja na Salma iliyo kaskazini ya Bara Arabu, karibu na mji unaoitwa sasa Hail. Siku moja alikuwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akaja mtu kushitaki ufukara, kisha akaja mwengine kushitaki wanyang'anyi wa njiani. Mtume akamwuliza Adi kama anaujua mji wa Hira, ulioko Iraq. Adi akajibu kuwa hakupata kuuona, ila khabari zake amezisikia. Hapo Mtume akambashiria kwamba akijaaliwa umri mrefu atakuja kumwona mwanamke juu ya ngamia wake anatoka Hira mpaka Makka, anaizunguka Al-Kaaba, wala hamkhofu yeyote ila Mwenyezi Mungu.

Adi hakukanusha, lakini moyoni alijiuliza: basi wale wanyang'anyi wa Tayy, jamaa zake mwenyewe, waliozitia nchi moto wa fitina, watakuwa wamekwenda wapi? Swali lake lilikuwa la haki, kwani aliijua milima yake na aliwajua watu wake. Na Mwenyezi Mungu akampa umri, akaliona kwa macho yake lile aliloahidiwa.

Litazame vizuri jambo hili, ndugu msomaji. Mtume hakusema kuwa mwanamke yule atakuwa shujaa kupita wanawake wote. Wala hakusema kuwa atabeba silaha. Alisema njia itakuwa na amani. Ushujaa ni sifa ya msafiri. Amani ni kazi ya watu wa njiani. Hilo ndilo nitakalolieleza katika makala haya, na mfano nitauchukua katika milima ambayo nyumba nyingi za pwani yetu zina nasaba nayo, milima ya Hadhramaut.

NJIA YA DOAN

Katika Lamu, Malindi, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kuna majumba mengi ambayo babu zao walitoka Shihr, Mukalla, Doan, Shibam, Seiyun au Tarim. Walikuja na majahazi wakifuata pepo za kaskazi. Sisi tunazijua sana khabari za bahari waliyoivuka, lakini ni wachache wanaouliza khabari za milima waliyoiteremka kabla ya kuiona bahari.

Mtu akitoka Mukalla kwenda bara hupanda mpaka afike Jol, nao ni uwanda wa juu wa mawe matupu, wenye sehemu zinazopita mita 1,500 juu ya bahari. Mchana jua linaunguza, usiku baridi inaingia mifupani. Visima ni haba. Baada ya siku kadhaa za punda na ngamia, ardhi hukatika ghafla, na chini kabisa huonekana bonde la Doan na mitende yake ya kijani. Pa kuteremkia ni njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa jabali, nayo kwao huitwa aqaba. Msomaji wa Qur'ani analijua neno hili katika Suratul Balad, ambamo kupanda aqaba kumefasiriwa kuwa ni kumkomboa mtumwa na kumlisha mwenye njaa siku ya dhiki. Basi hata kilima kigumu, katika lugha ya Kitabu chetu, hupandwa kwa kumsaidia mwenzio.

Shida kubwa ya njia ile haikuwa mawe wala kiu. Ilikuwa ni watu. Mpaka kiasi cha mwaka 1936 masultani wawili, wa Qu'aiti na wa Kathiri, walitawala miji na bandari, lakini milimani na mabondeni kila kabila, na hata kila mbari ya kabila, ilijihesabu kuwa ni dola mbali. Kisasi kilirithiwa kama shamba. Wako wanaume waliokaa ndani ya nyumba zao miaka kwa miaka, hawatoki mlangoni kwa kuogopa risasi ya nyumba ya pili. Wengine walichimba mahandaki kutoka nyumbani mpaka kwenye mitende yao ili wapite humo wameinama.

Na katika hali hiyo, msomaji, nani aliyekuwa akitoka kuteka maji na kuleta majani ya wanyama? Ni wanawake. Kwa ada ya makabila yale, kumpiga mwanamke risasi ilikuwa aibu isiyofutika, aibu ya mtu na ukoo wake. Mume amejifungia, mkewe anapita katikati ya bunduki mbili na mtungi wake. Hapana polisi wala askari aliyemlinda. Aliyemlinda ni ile aibu. Haya si maisha ya kuyatamani, wala mwanamke yule hakuwa na raha. Lakini yanatuonyesha kuwa hata watu waliokosa serikali hawakukosa mpaka ambao mtu havuki.

SIYARA NA HAUTA

Msafiri wa kawaida, awe mfanyabiashara au mgeni, alikuwa na dawa nyengine. Iliitwa siyara. Kabla hajaingia katika nchi ya kabila fulani, humtafuta mtu wa kabila hilo, humlipa ujira wake, na mtu huyo hufuatana naye mpaka mwisho wa mpaka wao. Bunduki yake moja haikuwa kitu. Nguvu ilikuwa katika uso wake. Kila aliyemwona alijua kuwa msafiri huyu yumo katika dhamana ya kabila zima, na anayemgusa amewagusa wote. Mpaka ukiisha, msafiri hutafuta mtu wa kabila linalofuata.

Iko na dawa ya tatu, nayo imetoka kwa watu wa dini. Masharifu na masheikh waliweka mahali palipoitwa hauta, yaani pahala pa amani, hapachukuliwi silaha wala hapamwagwi damu. Katika karne ya 18 Habib Ali bin Hassan Al-Attas aliuanzisha mji wa Mashhad, katika njia inayoshuka kutoka Doan. Mahali pale palikuwa pakavu na pakiogopwa kwa unyang'anyi. Mtu mwengine angekwenda kujenga kwenye maji na mitende. Yeye alikwenda kujenga pale ambapo msafiri alikuwa akiuawa, akafanya pawe pa kupumzikia na kupata maji. Hii ndiyo elimu inayotoka kitabuni ikafika barabarani.

BIBI MMOJA MGENI

Sasa tumtazame mwanamke mmoja aliyeipita njia hii, naye si wa dini yetu wala si wa nchi zetu. Jina lake Freya Stark, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1893. Alijifunza Kiarabu akiwa mtu mzima, na katika miaka ya 1930 na 1931 alisafiri katika milima ya kaskazini ya Iran, upande wa Alamut, hana mwenzi wa kwao, yeye na viongozi wa vijiji tu. Mwaka 1931 alishikwa na malaria huko huko milimani, akauguzwa kijijini mpaka akapata nafuu.

Mwanzoni mwa mwaka 1935 alifika Mukalla. Nia yake ilikuwa kufuata njia ya kale ya ubani mpaka magofu ya Shabwa. Alipewa nafasi katika nyumba ya wageni ya Sultani, akapatiwa mabedui na punda, akapanda Jol. Alipofika Doan akashikwa na surua. Mfikirie, ewe mama unayesoma haya: mwanamke mgeni, kitandani, homa kali, hana ndugu, hana daktari, na nyuma yake ni safari ya siku nyingi mpaka pwani. Alikuwa katika ngome ya Masna'a, kwa watawala wa Ba Surra, na jamaa wa nyumba ile walimwangalia mpaka akainuka. Aliendelea mpaka Shibam na miji mingine ya bonde, akaanguka tena, safari hii kwa ugonjwa wa kukaribia kufa. Khabari ikapelekwa Aden, na mwezi wa Machi ndege ya jeshi la Kiingereza ikaja kumchukua. Shabwa hakuiona katika safari ile.

Watu wakiisoma khabari yake humsifu kwa ujasiri, na ujasiri alikuwa nao. Lakini uhesabu, msomaji, ni mambo gani yaliyomrudisha hai. La kwanza, alipita na wenye njia. Hakujipenyeza kwa kificho. La pili, aliingia nyumba za watu kwa mlango, na wenye nyumba wakamtimizia haki ya mgeni. La tatu, watu walijua yuko wapi, na alipougua khabari zikafika. Tuongeze na la nne kwa insafu: alikuwa raia wa dola yenye manowari Aden, na hilo watu walilijua. Mwanamke masikini wa Doan aliyeugua mwezi ule ule hakuletewa ndege.

SULUHU YA MWAKA 1937

Katika miaka hiyo hiyo alifika Hadhramaut Bwana Harold Ingrams pamoja na mkewe Doreen. Bwana huyu hakuwa mgeni kwetu. Alianza kazi Unguja na Pemba mwaka 1919, na mwaka 1931 alitoa kitabu kikubwa juu ya tarikh ya Zanzibar. Kule Hadhramaut alifanya urafiki na Sayyid Abubakar bin Sheikh Al-Kaf, tajiri wa ukoo wa Tarim uliopata mali yake Singapore. Sayyid huyu alitumia mali yake kuitengeneza barabara ya magari kutoka Tarim mpaka Shihr, na akatumia tena mali na heshima yake kuyapatanisha makabila.

Mwaka 1937 wakubwa wa makabila zaidi ya 1,000 walitia saini suluhu ya miaka mitatu, na baadaye ikaongezwa miaka kumi. Tusifiche upande wa pili: kabila la Bin Yamani lilipigwa mabomu na ndege za Kiingereza mwaka huo huo, na khofu ya ndege ilikuwa miongoni mwa sababu za wengine kutia saini. Lakini bomu halimpatanishi mtu na jirani yake. Kazi ya kukaa barazani, kusikiliza madai ya damu ya miaka arubaini, kulipa na kusameheana, hiyo ilifanywa na watu wenyewe na masayyid wao.

Na matunda yake yalionekana kwa nani? Yalionekana kwa kile kipimo cha Mtume (s.a.w.). Wanaume walitoka katika mahandaki yao. Katika majira ya baridi ya 1937 na 1938 wanawake watatu, Freya Stark pamoja na Gertrude Caton-Thompson na Elinor Gardner, walikaa Hureidha wakifukua hekalu la kale la kabla ya Uislamu. Na njaa kubwa ilipoingia mwaka 1943 na 1944, wakati vita vilikuwa vimekata fedha zilizokuwa zikiletwa na jamaa walioko Java na Malaya, Doreen Ingrams alikuwa miongoni mwa waliosimamia kuwalisha watoto na kuwatibu wenye njaa. Nchi ambayo miaka michache nyuma mwanamume hathubutu kutoka mlangoni, sasa mwanamke aliweza kusimama ndani yake akafanya kazi ya kheri.

DHAMANA YA MWANAMKE

Pengine msomaji ataniuliza: je, sheria yetu haikumkataza mwanamke kusafiri bila maharimu? Hadithi za makatazo zipo na ni sahihi. Maulamaa wamekhitilafiana katika mpaka wake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Hija ya faradhi yaruhusiwa kwa mwanamke akifuatana na wanawake waaminifu, na iko kauli kwamba hata peke yake yafaa, njia ikiwa na amani. Kwa safari nyengine, jambo lake ulipeleke kwa sheikh wako. Ninalotaka uone ni kuwa neno amani limo katikati ya masala yenyewe. Sayyidna Umar (r.a.) alipowapa wake za Mtume rukhsa ya kuhiji katika Hija yake ya mwisho, aliwapeleka pamoja na Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Auf. Mkubwa wa dola aliona amani ya wanawake wale ni kazi yake yeye.

Tena mwanamke mwenyewe hutoa dhamana. Siku ya kutekwa Makka, Bibi Umm Hani aliwapa amani watu waliokuwa katika khatari ya kuuawa, na nduguye Ali (r.a.) akataka kuwaua. Bibi akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kushitaki. Mtume akamwambia kuwa aliyempa amani yeye, Waislamu wote wamempa. Kwa hivyo ahadi ya mwanamke mmoja ilifunga mikono ya jeshi zima lililoshinda.

Kwa ajili hiyo mioyo ya Waislamu iliungua mwezi wa Disemba 2018, wakati wasichana wawili, mmoja wa Denmark na mmoja wa Norway, walipouawa katika kambi yao karibu na kijiji cha Imlil, chini ya mlima Toubkal nchini Morocco. Waliowaua walijidai wanaitumikia dini. Dini gani inayomchinja mgeni aliyelala? Wale wasichana waliingia kwa rukhsa ya nchi, na rukhsa hiyo ndiyo amani waliyopewa. Wauaji waliivunja dhamana ya Umma kabla hawajavunja roho. Wamorocco walikusanyika Rabat kuomboleza, na baada ya hapo njia ya mlima ule iliwekewa vituo vya ulinzi na sharti la kwenda na kiongozi. Mabedui wa Jol, wasiojua kusoma, wangeona haya kufanya walilolifanya watu wale.

SIYARA YA SIKU HIZI

Leo wanawake wengi hupanda milima, wa kigeni na wa kwetu. Binti wa pwani anaweza kwenda Kilimanjaro na wanafunzi wenziwe, au kwa kazi ya utafiti, au kuiona tu kudra ya Mola wake. Mlima ule una mita 5,895, na hauruhusiwi kupandwa bila kujiandikisha mlangoni na kuchukua kiongozi mwenye leseni. Wako wanaoona sharti hili ni usumbufu. Lakini ni ile ile siyara. Hewa nyembamba ya juu haimwogopi shujaa: humtia maumivu ya kichwa, kutapika, na mwisho kupoteza fahamu, na dawa yake ya hakika ni kuteremka mapema. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui kuwa akili yake imeanza kupungua. Anahitaji mtu wa kumwambia: turudi.

Ila tuseme na lile gumu. Mara nyengine khatari ni yule yule mlinzi. Katika mji wa Pokhara, nchini Nepal, dada watatu wa jina la Chhetri waliwasikia wasafiri wa kike wakilalamika kuwa viongozi wao wa kiume wamewafanyia ufidhuli njiani. Mwaka 1994 wakaanzisha kazi ya kuwafundisha wanawake wa milimani kuwa viongozi, ili mwanamke aongozwe na mwanamke mwenziwe. Basi serikali ya Nepal ilipotoa amri mwaka 2023 kwamba wageni wachukue kiongozi, msafiri wa kike alikuwa na pa kuchagua. Jambo la akina dada wale halikuwa kumzuia mgeni asije. Lilikuwa kuisafisha njia.

Hapa ndipo penye jukumu letu, enyi wazazi. Siyara ilikuwa na nguvu kwa sababu nyuma ya mlinzi mmoja kulikuwa na kabila litakalomwuliza akikhini. Leo nyuma ya kiongozi, dereva, utingo, na mwenye nyumba ya wageni, kuna nani wa kumwuliza? Binti akirudi nyumbani akasema fulani alinitendea ubaya njiani, na sisi tukamwambia nyamaza, usitutie aibu, tumeiua siyara kwa mikono yetu. Wale wa mabondeni ya Hadhramaut, pamoja na ujinga wao wa visasi, waliiweka aibu mahala pake: juu ya aliyemdhuru mwanamke, si juu ya mwanamke aliyedhuriwa.

Kwa hivyo binti yako akikuomba safari, usianze kwa kumwuliza kama haogopi. Mwulize atafuatana na nani, na nyuma ya mtu huyo yuko nani. Mwulize atalala nyumba gani. Mwulize nani atajua siku ya kurudi kwake, na asiporudi nani atatoka kumtafuta. Akijibu yote, umwombee dua umpe kheri. Akikosa jibu, mtafutieni pamoja.

Na anapopita kwetu mtoto wa mtu mwengine, mweusi au mweupe, Mwislamu au asiye Mwislamu, tukumbuke kuwa sisi ndio watu wa njia yake. Bishara aliyopewa Adi ilitimia kwa sababu watu wa milima ile waliacha mikono yao. Mwenyezi Mungu atujaalie miji yetu na njia zetu ziwe katika zile ambazo mwanamke anapita, wala hamkhofu yeyote ila Yeye. Amin.